Bwana Kimya na Kuku Wake

Wanawake wa kliniki yetu walimwita yule mtaalamu wa ultrasaundi Bwana Kimya, na hawakuwa wanamsifu. Ukiingia anakwambia panda, lala, pandisha gauni. Anakumiminia jeli ya baridi tumboni, anaanza kukodolea macho skrini yake, na hapo hasemi neno mpaka amalize. Kwanza anatafuta moyo, halafu anapima, halafu ndipo anakugeuzia skrini na wewe uone. Ndivyo alivyofanya kazi miaka yote, na wengi walitoka mle wakicheka.

Mimi sikutoka nikicheka. Katika mimba yangu ya kwanza, kwenye kipimo cha katikati, kile cha kukagua viungo kimoja baada ya kingine, kimya chake kilizidi kurefuka. Kisha akazima sauti ya mashine na kwenda kumwita daktari. Skrini hakunigeuzia. Mtoto alikuwa ameshafia tumboni. Nilipomzaa wauguzi wakamfunika haraka, wakaniambia ni afadhali nisimwone, na mimi mjinga nikakubali. Mume wangu, fundi wa kuchomelea mageti, alifika kila kitu kimekwisha.

"Yaliyopita si ndwele, mwanangu, tugange yajayo," mama mkwe aliniambia.

Nikamwitikia, "Ndiyo, mama," maana sikuwa na nguvu ya kugombana na mtu. Lakini ndwele ilikuwa yangu na nilijua ilipokaa.

Nilipopata mimba ya pili, mama mkwe alitaka nibadilishe hospitali. Alisema Bwana Kimya ana kisirani. Nikakataa, na sababu sikuitoa. Sababu ilikuwa hii: yule bwana, kisirani au si kisirani, ndiye mtu pekee niliyemjua aliyewahi kumtazama mwanangu.

Hata hivyo, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Siku ya kipimo cha kwanza nilipanda kitandani kibofu kimejaa maji kama nilivyoagizwa, nikamshika mkono kabla hajanigusa.

"Leo utaongea," nikamwambia. "Ongea chochote, hata uongo, ila usininyamazie."

"Niongee nini, mama?"

"Unafuga kuku?"

"Ninao wachache."

"Basi niambie habari za kuku."

Masikini, akaanza kuku. Huyu anataga, yule anakula mayai yake mwenyewe, jogoo kazi yake kelele tu. Katikati ya jogoo akasema, "Huyu hapa, moyo unapiga," akanigeuzia skrini. Niliona punje ndogo na ndani yake kitu kinametameta. Nilitaka kupiga vigelegele. Kisha nikaona pembeni, karibu na punje, doa jeusi limejikunja.

"Na yule?" nikauliza.

"Yupi?"

"Huyo wa pembeni."

Alitazama vizuri, hakunidharau. "Hapo hakuna mtu, mama. Ni kivuli tu."

Sikumwamini. Tangu siku hiyo yule wa pembeni alikuwa nami. Nilishauriwa kulala ubavu wa kushoto, na kila nikilala hivyo nilihisi kuna mtu nimempa mgongo. Nikigeuka, najilaumu kwa ajili ya huyu aliye ndani. Usiku mzima nikageuka hivi na hivi mpaka mume wangu akaniuliza kama naota nachota maji. Yeye kwa utani hajambo. Lakini ukimtajia yule wa kwanza, utani unamkauka, anaongeza sauti ya redio. Nilizoea kujua kwamba redio ikipanda, mtoto wangu amepita kichwani mwake, na mlango umefungwa.

Kipimo cha katikati kilipofika nilipanda kitandani bila kumsalimu mtu. Bwana Kimya hakungoja kuambiwa, akaanza mwenyewe: kuku mweusi ameatamia, vifaranga wametoka, mwewe kabeba mmoja. Huku anakagua kichwa, uti wa mgongo, vyumba vya moyo, figo. Halafu mkono wake ukashuka chini ya tumbo ukaganda pale. Unasogea kidogo, unarudi. Mdomo ukaendelea na furaha ileile: kuku mweusi ameatamia...

"Si vifaranga walishatoka?" nikasema.

Akanyamaza. Hapo ndipo nilipojua nilichokifanya. Zamani kimya chake kilikuwa kinanionya walau. Sasa nilikuwa nimemfundisha kunidanganya kwa kuku.

"Sema," nikamwambia. "Amekufa?"

"Hapana! Mtoto mzima kabisa. Kondo la nyuma ndilo limekaa chini, limeziba njia ya kutokea. Mara nyingi hupanda tumbo linapokua. Lisipopanda, utazaa kwa upasuaji. Tutatazama tena mimba ikifika mwezi wa nane. Lakini ukiona damu, hata tone, usisubiri kukuche. Njoo."

Basi nikawa mtu wa kukagua nguo yangu ya ndani kama askari wa mpakani. Niliogopa kukohoa, niliogopa kucheka. Na yule wa pembeni hakunionea huruma, alikaa palepale alipo.

Siku ya kipimo cha mwisho nilimwambia mume wangu, "Safari hii unaingia." Sikuwa naomba. Akaingia na mabuti yake ya kazini, ananuka chuma kilichoungua, akasimama karibu na pazia.

"Daktari," akasema, "mwangalie kama ana ndevu, nijue ni wangu."

Bwana Kimya akatabasamu, akapaka jeli. "Sasa, mama, wale kuku..."

"Leo hapana," nikamkata. "Nyamaza, fanya kazi yako."

Akanyamaza. Kilikuwa kimya kilekile, na mimi niliufumba mdomo wangu nisipige kelele. Nilisikia feni ya mashine. Kisha Bwana Kimya akabonyeza kitufe na moyo ukajaa chumba kizima, unakimbia, una nguvu. Akanigeuzia skrini. Kichwa kimeshatazama chini, mashavu yamejaa.

"Kondo limepanda," akasema. "Njia iko wazi."

Mume wangu akacheka kwa sauti huku anajifuta macho kwa kiwiko. Mimi nikatazama pembeni. Hapakuwa na mtu. Nilidhani ningefurahi, kumbe niliogopa kuliko siku zote. Huyu akija, yule ataondoka, na hakuna hata mmoja wetu aliyemjua.

"Daktari," nikasema. "Yule wangu wa kwanza. Ulimwona?"

Kicheko kikakatika. "Mke wangu, tuyaache hayo."

"Sikukuuliza wewe."

Bwana Kimya akakiweka chini kile kipimio cha kupitisha tumboni, akafuta mikono polepole. Nilijua atanyamaza.

"Nilimwona," akasema.

"Alikuwaje?"

"Alilala ubavu. Alikuwa na miguu mirefu. Mkono mmoja ameuweka chini ya shavu, kama mtoto yeyote aliyelala."

Nikasikia mabuti yakitoka kwenye pazia. Mume wangu akaja akashika chuma cha kitanda, akainama mbele ya yule bwana, na sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia.

"Mkono gani?" akauliza.