Mkaguzi Amesusa

Nyumbani kwetu mtu akikasirika hagombi. Anasusa chakula. Marehemu mume wangu alikuwa bingwa wa mchezo huo, na mimi sikuwa nyuma. Sahani inafunikwa, inabaki mezani, mpaka aliyekosa aje aifunue na kusema, "Nimekosa." Miaka thelathini na moja ya ndoa, mimi sikuwahi kulitamka neno hilo. Nilikuwa najisifia mpaka kwa wateja.

Basi Mkaguzi alipogoma kula Jumatatu, nikajua ni yale yale. Mkaguzi ni paka wangu. Nimempa jina hilo kwa sababu hakuna kitambaa kinachokatwa kwenye chumba changu cha kushonea kabla yeye hajakilalia. Jumapili alikuwa amepindua kopo la nyuzi, zikatapakaa sakafu nzima, nami nikamchapa kandambili moja ya mgongo. Kesho yake nikamwekea samaki. Akanusa, akageuza shingo.

"Ohoo! Umenisusia? Susa tu. Umemkuta mwenyewe."

Jumanne alijikunyata chini ya cherehani, hataki kutoka. Kinyozi wa mlango wa pili alileta koti lake la kazi nilitie kifungo, akainama kumchungulia.

"Mama, mbona huyu anadondosha udenda? Mpeleke kwa daktari."

"Wewe nyoa vichwa vya watu. Paka niachie mimi."

Akacheka, akaenda zake. Nikabaki na cherehani. Binti yangu hupiga simu Jumapili, ananiuliza kama nimekula, kama nimelala, kama mguu umepoa, halafu ana haraka. Siku sita zilizobaki ninayezungumza naye ni huyo aliyejificha. Jioni nilipika, nikaona siwezi kula peke yangu mbele ya bakuli lililojaa, nikaifunika sahani yangu. Tukasusiana, mtu na paka wake. Ningemwita mara moja tu kwa upole, lakini kiburi kilinikaba.

Jumatano asubuhi alitapika maji ya njano. Akajaribu kuja kwangu, akalala njiani. Niliikumbuka sahani nyingine. Miaka minne nyuma mume wangu naye hakugusa chakula siku mbili, baada ya mimi kumtolea maneno makali kwa jambo la kipuuzi. Nilifunika sahani nikasema atanyooka. Siku ya tatu akaanguka bafuni. Hakuwa amesusa. Alikuwa hawezi kula, na mimi nilikuwa nashindana naye.

Nilimtia Mkaguzi kwenye kikapu cha vitambaa, nikatoka mbio, futi ya kupimia bado shingoni.

Daktari wa wanyama alikuwa binti mdogo mwenye mikono mikubwa. Alimfungua mdomo, akamwinua ulimi kwa kidole. Chini yake kulikuwa na uzi mwekundu, wangu kabisa, umezunguka shina la ulimi na kuteremka kooni. Fundi akiona uzi unaning'inia huuvuta. Mkono wangu ukaenda wenyewe.

"Usivute!" Aliukamata hewani. "Upande wa pili uko tumboni. Ukivuta, utamchana utumbo. Hajala tangu lini?"

"Jumatatu," nikasema, nikamweleza na ule udenda, na kujificha, na matapishi ya asubuhi.

"Leo Jumatano! Mama yangu, paka akimaliza siku nzima bila kula, usingoje ya pili. Ini lake halivumilii njaa. Na huyu alidondosha udenda, akajificha, akatapika. Ulikuwa unangoja nini?"

Nilikuwa nangoja kumshinda. Lakini hilo utamwambiaje mtoto wa mwenzio?

"Nilidhani amesusa," nikasema.

Hakucheka. Alisema atampasua sasa hivi, na kwamba haniahidi kitu. Nilikaa kwenye benchi la nje na kikapu kitupu mapajani. Kila mlango ulipofunguliwa nilisimama, na kila mara alikuwa mtu mwingine na mnyama wake. Sijawahi kuwa peke yangu kama siku ile, hata siku ya kuzika. Siku ya kuzika walau watu walikuja.

Alipona kwenye kisu. Kesho yake mchana waliniruhusu kuingia. Alikuwa amelala ubavu, tumbo limenyolewa, na mshono wake, niseme ukweli, ulikuwa mzuri kuliko wangu. Pembeni kulikuwa na kibakuli cha chakula laini kimefunikwa kifuniko cha plastiki.

"Amekataa tangu asubuhi," daktari alisema. "Akila hata kidogo leo, nitapata matumaini. Jaribu wewe, anakujua."

Nilipiga magoti sakafuni. Nikakifunua kibakuli.

"Nimekosa," nikamwambia.

Mkaguzi alinusa, akaniangalia, akalamba. Akalamba tena. Daktari akapiga makofi, akatoka kumwita mwenzake aje aone. Mimi nilibaki pale chini nikilia kwa sauti na kifuniko mkononi, maana neno lenyewe halikuwa zito hata kidogo, na kuna mtu alilingoja siku mbili mezani kwangu.