Mkono wa Kulia wa Anyelo Mañón

Asubuhi ya mechi ya kwanza ya msimu, Eufemia alikaanga salami na vitunguu, akaponda ndizi mbichi alizochemsha, akaweka sahani nne mezani. Mumewe, Cirilo Mañón, alikuwa anapuliza kahawa yake na kusikiliza redio, ambako watu wawili walibishana kama mwaka huu timu ya Kaa wa Puerto Mieles ingefika popote. Mwana wao mkubwa, Anyelo, mrushaji wa timu hiyo ya besiboli, alinyoosha mkono wa kulia kuchukua chumvi. Mkono ulikuwa wa mtu wa miaka themanini.

Ngozi ilikuwa imelegea, ina mabaka. Mishipa ilikuwa imetuna, na kucha zilikuwa nene na za manjano kama punje za mahindi. Uzee uliishia kwenye kifundo cha mkono. Kutoka hapo kwenda juu ulikuwa mkono wa kijana aliyelishwa vizuri.

"Unauma?" Eufemia aliuliza.

"Unasema mvua itanyesha," Anyelo alisema.

"Basi ngoja nikaanue nguo."

Rafelín, mtoto wao wa mwisho, alikuwa na adabu. Puerto Mieles mtoto haanzi kula kabla ya kuomba baraka kwa wakubwa. Aliomba kwa baba, akaomba kwa mama, kisha akaugeukia ule mkono. "Baraka, babu." Mkono ulimgusa utosini, taratibu, wala haukuonyesha kushangaa kuitwa hivyo.

Cirilo alifikiri kidogo. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na nyumbani mwake sasa kulikuwa na mkubwa kuliko yeye. Aliweka kikombe chini, akainama. "Baraka," akasema. Akabarikiwa. Vidole vilikuwa vya baridi, na ndipo alipoanza kuogopa.

Jioni Kaa walicheza nyumbani. Cirilo alikaa nyuma ya benchi la timu, kando ya Chichí muuza karanga, ambaye hakuwahi kukosa mechi wala kuuza karanga zilizoiva. Mvua ilinyesha, ikakatika, mechi ikaanza. Mkono ule ulijua mambo. Mpira ulitoka polepole, ukamfikia mpigaji, halafu ukazama kama umekumbuka kitu. Wapigaji walichapa hewa. Mmoja alizunguka na gongo lake mpaka akakaa chini.

"Mmemwona babu?" Chichí alipiga kelele. "Huyo anarusha tangu enzi za treni ya miwa!"

"Ni mwanangu huyo," Cirilo alisema.

"Mwanao anaanzia kifundoni, kompadre. Hicho kipande kingine ni chetu sote. Karanga?"

Kaa walishinda. Kesho yake Anyelo alipofunga saa, mkanda ulilala juu ya ngozi ya mzee. Uzee ulikuwa umevuka kifundo.

Mechi zilizofuata zilikuwa ugenini, na Cirilo alikwenda zote. Hakuwa mtu wa kusafiri. Alikuwa fundi wa pampu za maji, na watu wa Puerto Mieles waliotaka maji wiki hizo walichota kwa ndoo. Alipanda basi la mashabiki, akakaa dirishani na mkate wake wa kukaanga kwenye karatasi, na kila timu ilipoingia uwanjani alisimama ili aone uzee umefika wapi. Katika mji wa tumbaku, kule kaskazini kwenye baridi, ulikuwa nusu ya kigasha. Mashabiki wa kule hawakuwa na huruma.

"Mleteeni uji huyo!"

"Babu, meno umeyaacha kwenye glasi?"

"Mrushie pole pole, usije ukamzika!"

Mkono uliwatoa wapigaji wao wote, na wale mashabiki wakanyamaza, wakanunua bia. Magazeti yaliandika kwamba Kaa walikuwa na mwanzo mzuri kuliko miaka yote. Hakuna gazeti lililouficha mkono. Waliupiga picha, wakaandika chini yake: *Uzoefu*.

Daktari wa timu alikuwa anachora mstari kwa kalamu ya wino pale uzee ulipoishia, kabla ya mechi na baada ya mechi. Mistari ilipanda kama ya mtoto anayepimwa urefu mlangoni. Ulipopita kiwiko, Cirilo alikwenda kumwona kocha, Don Tulio, ambaye alikuwa anakata kucha za miguu kwenye chumba cha kuvalia.

"Kocha, mpumzishe kijana. Kila akirusha, uzee unapanda."

"Umefika wapi?"

"Unaelekea begani."

Don Tulio alifikiri. "Moyo uko upande gani?"

"Kushoto."

"Na yeye anarushia mkono gani?"

"Wa kulia."

"Basi tuna nafasi bado, Don Cirilo. Tunaongoza ligi. Nenda kapate kahawa."

Siku ya mapumziko, Cirilo alimchukua Anyelo wakaenda kwa Bélgico. Bélgico alikuwa dalali wa vijana. Nyuma ya kiwanda cha sukari kilichofungwa alikuwa na uwanja wa vumbi, na humo aliwalea vijana wenye mikono mizuri, akawalisha, akawafundisha, kisha akawauza kwa timu za ng'ambo. Ng'ambo wanamtaka kijana wa miaka kumi na sita. Akiwa na kumi na tisa hawamtazami hata akirusha radi. Kwa hiyo watu wa Puerto Mieles hukata miaka. Kijana wa ishirini anaandikishwa kumi na sita, na padri, jirani na bibi mzaa mama wote wanakumbuka hivyo hivyo. Anyelo alikatwa minne. Cirilo ndiye aliyekubali, jikoni kwake, huku akitafuna. Asiyekata aliitwa mjinga, au ilisemwa kwamba mtoto wake hana mkono. Ila hakuna aliyewahi kuuliza miaka ile iliyokatwa inaangukia wapi.

Bélgico aliushika mkono akaugeuzageuza kama anayenunua ng'ombe.

"Naijua miaka hii," alisema. "Hili kovu ni la Wilkin. Hiki kidole kilichopinda ni cha yule mtoto wa fundi cherehani, jina limenitoka. Hii mishipa ni ya wale mapacha. Nimeikata mwenyewe yote."

"Mwanangu ulimkata minne. Hii ni zaidi ya hamsini."

"Wenzake hawakufika popote, kompadre. Miaka yao ingekaa kwa nani? Imemfuata aliyefika. Kuku ukimnyonyoa, manyoya hayaendi mbinguni."

"Iondoe."

"Mimi dalali. Mali siyo yangu." Aliurudisha mkono kwa mwenyewe, kwa heshima, na kabla ya kuuachia aliuomba baraka. Nyuma yake vijana walikuwa wanakimbia kwenye vumbi, wote wakubwa kuliko umri wao.

Wilkin walimkuta kwenye kijiwe cha pikipiki, anasubiri abiria. Aliliangalia lile kovu, akaangalia la kwake. Yalikuwa sawasawa.

"Kweli, ni langu," alisema. "Nilijikata na panga la miwa."

"Ichukue basi, mwanangu," Cirilo alimwambia. "Miaka minne tu. Kijana kama wewe utaihisi?"

"Mzee, nina watoto watatu, nina mgongo, nina mama mkwe ndani ya nyumba. Nikiongezewa minne leo nitaanguka hapa hapa." Aliwasha pikipiki. "Halafu, samahani, ile siku napimwa na watu wa ng'ambo mbona hukuja kuniuliza nina miaka mingapi? Ulikuwepo. Ulipiga makofi."

Wilkin aliwarudisha nyumbani wote wawili kwa pikipiki, hakuwatoza.

Wiki hiyo Anyelo alianza kulala chali, kwa kuwa mkono ulikataa kulaliwa. Asubuhi ulitetemeka. Mchana ulitaka kucheza domino, na ulishinda. Bega lilishuka, na nywele za kifuani, upande wa kulia, zikawa nyeupe. Eufemia alikuwa anampaka mafuta ya kambare huku midomo yake inatembea bila sauti.

"Nikikaa benchi wananifukuza," Anyelo aliwaambia. "Wakinifukuza hamna nyumba hii. Acheni nirushe."

"Na ukifika moyoni?" baba yake aliuliza.

"Labda hautafika."

Aliyasema hayo akiwa amekaza macho kwenye sahani. Naye alikuwa anaogopa.

Mechi iliyofuata ilikuwa nyumbani, tena dhidi ya wale wa mji wa tumbaku. Uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda kwenye nguzo za taa. Kabla Anyelo hajatoka, daktari alifungua shati lake, akachora mstari katikati ya kifua, akafunga shati, akamwonyesha Don Tulio kidole gumba. Cirilo aliona. Alishika bomba la kizuizi cha mbele yake.

Mkono haukuwahi kurusha vizuri kama siku ile. Duru baada ya duru, wapigaji walikuja na kuondoka. Cirilo hakuutazama mpira. Alimtazama mwanawe jinsi alivyopumua. Katika duru ya tano Anyelo alikuwa anapumua kwa mdomo. Katika ya sita aliinama, akaweka kiganja cha kushoto juu ya moyo, akasimama tena. Don Tulio alitema ganda la mbegu akatazama pengine.

Cirilo aliruka kile kizuizi. Askari wa uwanjani alimfahamu, alikuwa amemtengenezea pampu, akamwacha apite. Alitembea kwenye majani mpaka kwenye kilima cha mrushaji.

"Toka we mzee, tunaongoza!" mtu alipiga kelele.

"Kompadre, rudi, umeniangushia karanga!" Chichí alisema.

Cirilo hakuzungumza na mwanawe. Alipiga goti mbele ya ule mkono, akavua kofia.

"Baraka, mzee," alisema. Mwamuzi, aliyekuwa anakuja mbio, alisimama. Mtu anayeomba baraka hakatizwi. "Mzee wangu, umefanya kazi ya kutosha, kila mtu ameona. Mimi ndiye niliyekubali ukatwe, nikakufukuza kwenu. Sina pa kukupeleka. Nakuomba tu, mwachie mtoto moyo wake."

Mkono ulibaki na mpira ndani yake kwa muda. Kisha ulinyanyuka, ukakaa juu ya kichwa cha Cirilo, mpira na vidole pamoja, mzito na wa baridi. Hapo ukafa. Ulifariki kwa uzee, daktari alisema baadaye, bila maumivu. Uliachia begani kama kuti kavu linavyoachia mnazi, bila damu, ukalala kwenye udongo mwekundu. Mwamuzi aliufungua vidole, akachukua mpira, akampa mrushaji mwingine. Kaa walishinda mechi hiyo.

Waliuzika kama anavyozikwa mzee. Sanduku lilikuwa dogo, ila maua yalikuwa ya kawaida. Watu walisali jioni baada ya jioni kwa siku tisa, kwenye viti vya kuazima, chini ya turubai. Wilkin alikuja, mtoto wa fundi cherehani alikuja, na wale mapacha, wakakaa mstari wa mbele, kwa sababu wao ndio waliokuwa ndugu wa marehemu. Timu ilileta shada la maua na barua ya kumwachisha Anyelo kazi.

Anyelo alikaa mlangoni, mkono wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini. Kifua chake kilikuwa cha kijana. Cirilo alipita mara kwa mara, akaweka sikio karibu naye, akasikia moyo, akaenda zake.

Siku ya mwisho, baada ya sala, Bélgico alikuja na kahawa yake akakaa kati yao. Aliwapa pole. Alikula biskuti. Rafelín alikuwa anapitisha chai ya tangawizi, na Bélgico alimwita, akamshika bega la kulia, akaliminya kama embe.

"Ile miaka imezikwa," alimwambia Cirilo kwa sauti ya msibani. "Yote, kompadre. Sasa nafasi ipo wazi." Akamgeukia Rafelín. "Una miaka mingapi wewe?"

"Kumi na mitano."

"Mingapi?"

Rafelín alimtazama baba yake. Cirilo alitazama paa la nyumba, mabati mapya ambayo Anyelo aliyalipia msimu uliopita. Eufemia alikuwa ameacha kukusanya vikombe.

"Kumi na miwili," Anyelo alijibu.

Hakuna aliyemsahihisha. Bélgico aliitikia kwa kichwa, akaomba sukari. Rafelín akammiminia chai, na Cirilo akaanza kuutazama ule mkono ulioshika birika, vidole, kifundo, kucha moja moja, na hakuweza kuacha.