Duvali kwa Duvali

Tangazo la kwanza la ndoa lilisomwa Ijumaa, kwa kuwa huku Maskati Ijumaa ndiyo siku ambayo wafanyakazi wa nyumbani hupewa ruhusa na kanisa hujaa hadi mlangoni. Padri, Mgoa mwenye sauti ya taratibu, akasoma kwamba Noel Duvali wa Bukoba anakusudia kumwoa Filomena Duvali wa Sumbawanga, na kwamba mwenye kujua kizuizi chochote afike ofisini akaseme.

Waliokuwa wakijipepea kwa karatasi za nyimbo wakaacha kujipepea. Aika, katibu wa kwaya, Mchaga asiyejua kunong'ona, akamgeukia Filomena akamuuliza kama padri hajakosea. Miaka miwili katika daftari lake la mahudhurio alikuwa amewaweka Noel na Filomena mstari mmoja, kaka na dada, na wenyewe hawakumsahihisha. Wamsahihishe kwa faida gani? Kaka humsindikiza dada yake mpaka kituo cha basi na hakuna anayekohoa. Mchumba hana leseni hiyo.

Filomena hakuona haya hata kidogo. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na sita kati ya hiyo alikuwa ameifanyia kazi katika nyumba ya Bi Balqis, Madinat Sultan Qaboos. Alikuwa mtu wa kujua anachokitaka hata sokoni Matrah, ambako wauza samaki walikwisha kuacha kumbabaisha. Alimtaka Noel. Alikuwa ameshachagua mpaka wimbo wa kuingilia kanisani.

Balaa lilitoka nyumbani. Padri alihitaji barua ya paroko wa Sumbawanga ya kuthibitisha kwamba Filomena yu huru kuolewa, na barua ilikuwa tayari, bado muhuri tu. Lakini mtu mmoja wa kwaya alilirekodi lile tangazo akalirusha kwa wenzake, na dunia haina siri. Jioni hiyo hiyo Mzee Ildefonce Duvali, baba yake Filomena, alikuwa amekwisha kubisha hodi kwa paroko, akaomba barua isitoke. Yeye alikuwa ameambiwa habari za Noel Lambert, kijana mpole kutoka Bukoba. Jina la tatu hakutajiwa. Filomena alijua kwa nini hakulitaja, na sisi tunajua pia.

Mzee hakumgombeza. Alimpigia simu akamwambia kwa sauti ile ile ya kuombea chakula.

"Duvali haoi Duvali, mwanangu. Mimi nilikatazwa, baba yangu alikatazwa, na wewe unakatazwa."

Kanisa lenyewe halikuwa na neno. Padri alikwisha kumweleza kwamba udugu wa huko juu kwa mababu, hata kama upo, hauzuii ndoa. Ila bila barua asingesoma tangazo la tatu, na bila tangazo la tatu hakuna ndoa. Kwaresima ilikuwa inaingia baada ya wiki nne, na wakati huo padri hafungishi ndoa. Pasaka ikifika, mkataba wa Noel ungekuwa umekwisha naye amerudishwa kwao. Kwa hiyo zilikuwa wiki nne, na mzee mmoja wa Kifipa aliyekwisha kusema hapana.

Noel ndiye aliyejitosa kwanza. Alikuwa akiendesha gari la kunyanyulia mizigo katika ghala moja kule Rusayl, na kazi hiyo ilimfundisha kwamba kitu chochote chenye anwani kinapatikana. Akaingia mtandaoni akalisaka jina. Akakuta kwamba ni la Kifaransa na maana yake ni mtu wa bondeni, jambo lililomchekesha Filomena, maana kwao Ufipa ni juu ya uwanda ambako hata viazi huona baridi. Akakuta ramani ya wenye jina hilo. Ufaransa walijaa, Kanada wapo, Haiti wapo, Morisi na Shelisheli wapo, na katika Tanzania walionyeshwa kwa vidoa vichache tu: kando ya Ziwa Tanganyika, Tabora, na Bukoba. Akampigia mzee simu, akamwamkia shikamoo mara mbili, akamweleza yote. Hoja yake ilikuwa nzito kwa maoni yake: kama jina ni udugu, basi Mzee Ildefonce ana ndugu Haiti.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa utafiti. Kisha akamweleza asichokijua. Hao wa Ulaya, alisema, wana bonde lao. Duvali wa Tanzania ni wa nyumba moja. Zamani za babu wa babu, padri mmoja Mfaransa aliyeitwa Duvali alikuwa na misheni kando ya ziwa, akiwakomboa watoto waliochukuliwa na misafara ya watumwa. Walikuwa wadogo mno. Wengi hawakujua hata jina la kijiji walikotoka, na kitabuni wote wakaandikwa kwa jina lake. Mtu asiye na ukoo hana wa kumposea wala wa kumzika, basi hao wakalifanya jina kuwa ukoo, na ukoo wakautilia mwiko, kama watu wote. Walipokua walifundishwa uashi. Wakasambaa na mwiko wao na miiko yao ya kupakia udongo, wakijenga makanisa Tabora na Bukoba, na palipo na kanisa la zamani la matofali hukosi Duvali jirani. Babu wa baba yake Noel alikuwa mmoja wao.

"Ramani yako nzuri, kijana," alimaliza. "Imenionyesha tulikofika."

Noel akakata simu akiwa amesadiki. Alimwambia Filomena kwamba mzee ana haki, na kwamba hawezi kumlaumu mtu anayelinda kitu kilichojengwa kwa taabu namna ile. Hilo lilimuudhi Filomena kuliko katazo lenyewe. Alimwambia aendelee kusadiki, yeye ana kazi ya kufanya.

Kesho yake alasiri alikuwa anachambua mchele jikoni na Bi Balqis. Bibi huyu alikuwa mzaliwa wa Unguja, aliyehamia Omani akiwa msichana, na Kiswahili chake hakikuhama. Wanaume wa jamaa zake walikuwa na mashekhe wao na majilisi yao, lakini posa haikufika barazani kabla mama wa kijana hajapita kwanza kwenye jiko hili kunywa kahawa. Bi Balqis alijua nani alinyonyeshwa na nani. Kwa Waislamu walionyonya ziwa moja ni ndugu, hawaoani, na ziwa halina cheti. Limo vichwani mwa wanawake. Mara mbili alikuwa amevunja posa iliyokwisha kununuliwa dhahabu, na mara zote mbili ikathibitika hakukosea.

Filomena akamsimulia yote, hata yale ya misafara. Hapo mkono wa bibi ukasimama juu ya sinia.

"Misafara hiyo nnaijua," akasema. "Babu yake mama yangu alikuwa na nyumba Ujiji. Tulipokuwa wadogo tukiambiwa alikuwa akiuza pembe. Pembe hazitembei zenyewe, mwanangu."

Filomena alihisi hasira ikimpanda, halali kabisa, akaiacha ikae hapo ilipo bila kuifukuza. Ni bibi aliyerudi kwenye shauri, akimtaka amtajie wazee wake. Filomena akataja Ildefonce, na baba yake Ildefonce aliyeitwa Gaspari, na baba yake Gaspari, Yohana, mtoto wa misheni. Akaishia hapo.

"Wanaume hao," bibi akasema. "Wanaume wakihesabu nasaba huhesabu wanaume wenziwao. Yohana kamuoa nani?"

"Tereza."

"Tereza binti nani?"

Filomena hakujua. Alijua kwamba Bibi Tereza alifariki kabla baba yake hajazaliwa, kwamba alifinyanga vyungu, kwamba picha yake haipo. Katika nyumba yao aliitwa Bibi Tereza basi, kana kwamba alishuka kutoka mbinguni na udongo wake wa kufinyanga.

"Basi khabari imo hapo," bibi akasema. "Ila usende kuitafuta wewe. Mwanamme ukimpelekea jawabu hulikataa. Muulize suala, akalitafute mwenyewe."

Filomena alikuwa na tabia ya kupeleka majibu, tena kwa sauti, kwa hiyo ushauri huu ulimkaa vibaya. Lakini alikuwa amekwisha kuona posa mbili zikivunjika jikoni mle. Alimpigia baba yake, akamjulia hali, akauliza habari za mahindi, kisha akamuuliza bibi yake Tereza alikuwa wa kwa nani kabla hajaolewa.

Mzee akasema alikuwa mtoto wa misheni. Filomena akauliza wa nyumba gani. Mzee akasema za misheni zilikuwa nyingi, masista nao walikuwa na wasichana wao. Filomena akakubali kwamba inawezekana.

"Mimi sijui, Baba. Nakuuliza wewe unayelinda ukoo."

Hapo mzee akasema vitabu vya zamani bado viko kule ziwani, na kwamba kama ni kumaliza maneno, basi atayamaliza.

Ijumaa iliyofuata tangazo la pili likasomwa. Nyingine ikapita bila tangazo, na Aika akamletea Filomena maandazi kama mfiwa. Noel alikuwa amekonda. Filomena alikula maandazi yote akamwambia Aika asifute jina la Noel daftarini, aliache tu, ila abadilishe pale palipoandikwa kaka. Alisema hivyo kwa uso mkavu. Usiku ule alilala vizuri, na asubuhi alipoamka alikumbuka kwamba zimebaki siku kumi na moja, akaogopa kwa mara ya kwanza.

Simu ilikuja Jumatano mchana, naye yuko ua wa nyuma anaanika mashuka. Baba yake alikuwa ametoka Sumbawanga alfajiri kwa basi, akateremka milima yote ile mpaka ziwani, na sasa alikuwa amekaa ofisini kwa katekista na kitabu cha ndoa mapajani. Alisema atamsomea kama kilivyo. Katekista alikuwa akimsaidia Kilatini.

"Yohana Duvali. Baba hajulikani, mama hajulikani." Akapumua. "Tereza Duvali. Baba hajulikani, mama hajulikani. Shahidi wa kwanza Duvali. Shahidi wa pili Duvali. Na hapa mwisho padri ameandika, hakuna kizuizi."

Filomena alikuwa ameandaa hotuba. Aliitunga wiki nzima akipiga pasi, ina vipengele, na mwisho wake ulikuwa mkali. Akaimeza yote, kwa sababu baba yake alikuwa analia, na katika miaka ishirini na tisa hajawahi kumsikia akilia. Akashika shuka lililolowa akasubiri.

Mzee alipopata sauti alisema amefunua kurasa nyingine pia. Ndoa za mwanzo karibu zote zilikuwa hivyo, Duvali kwa Duvali, ukurasa baada ya ukurasa. Nani mwingine angewapa binti? Watu wa vijiji vya jirani waliwaita watoto wa kamba, kwa kamba walizofungwa njiani. Wakaoana wenyewe kwa wenyewe. Mwiko ulikuja baadaye. Waliouweka ni watoto wao, kina Gaspari, walipoanza kuposa nje na kuulizwa ukoo wao una miiko gani. Walijibu kwamba Duvali haoi Duvali, ili waonekane watu kama wengine, na wakaacha kumtaja Bibi Tereza kwa jina lake la pili.

"Tulimficha bibi yetu," mzee alisema. "Wasingeoana hawa wawili, Filo, nisingekuwepo mimi wa kukukataza."

Filomena akamwambia kwamba hana kosa, kwamba alilinda alichokabidhiwa. Akalisema kwa moyo wote. Mzee akapenga kamasi, akamrudishia katekista kitabu, na kwa sauti yake ya kawaida akasema barua itapigwa muhuri kesho. Ila mahari ataipokea kama desturi, asije Noel akadhani ng'ombe wa Duvali wakihamia kwa Duvali ndiyo hawajahama.

Filomena alipoingia ndani Bi Balqis alimtazama usoni, akasogeza sinia ili apate nafasi ya kukaa. Filomena akamwambia kitabu kilivyomwandika Tereza. Bibi akalitamka jina lote, Tereza Duvali, polepole, mara moja, kama alivyozoea kulitia kichwani jina asilotaka limpotee.

Tangazo la tatu lilisomwa Ijumaa ya mwisho kabla ya Kwaresima. Noel alikuwa amenyoa mpaka akajikata. Filomena alikaa benchi la pili, simu mapajani imewashwa, na kwenye kioo chake alionekana mzee mmoja wa Sumbawanga amevaa koti la harusi za wengine. Padri akasoma majina, Noel Duvali na Filomena Duvali, akauliza kwa mara ya mwisho kama kuna anayejua kizuizi. Hata Aika alinyamaza.

"Hakuna kizuizi," ikasema simu.

Padri akangoja kidogo, akatikisa kichwa kukubali, akafunga kitabu.