Mgeni wa Mkesha wa Ilja

Raisa Huurinainen alifika Kuikkavaara mkesha wa sikukuu ya Nabii Ilja, akitokea ofisi ya kanisa mjini. Sote tulijua kilichomleta. Kijiji kimebaki na wazee wachache, na ukishapita nyumba ya mwisho ni msitu mtupu mpaka kwenye vigingi vya njano vya mpaka wa Urusi. Ofisi ilitaka kuzihamisha picha takatifu za kanisa letu dogo la magogo, zikatunzwe mjini.

Ufunguo anao Oksenja, mjane wa kaka yangu. Ana miaka themanini na ushei, macho yake yameingia ukungu, na hataki kushikwa mkono.

"Umekuja kutupora, binti?" alimuuliza.

"Nimekuja kuangalia tu, Mama Oksenja."

"Mwewe naye huanza kwa kuangalia."

Akampa ufunguo, akarudi kwenye unga wake wa shayiri nyeusi, maana mikate midogo ya sikukuu ilikuwa bado. Raisa akaenda peke yake. Kanisani palikuwa na joto, akauacha mlango wazi. Chini ya picha kulikuwa na sanduku la mishumaa mipya ya nta ya nyuki, na kopo la asali ya kubarikiwa kesho yake. Alipanda ngazi hadi kwenye kengele, akague paa lilivyooza.

Akiwa huko juu alisikia sanduku likianguka.

"Teppana?" aliita, akidhani ni mimi.

Alichungulia, akaona mgongo mpana wa kahawia. Dubu alikuwa amekaa katikati ya sakafu, anatafuna mishumaa.

Simu yake ilikuwa garini. Raisa akashika kamba, akapiga kengele.

Kwetu kengele haipigwi ovyo. Ni ibada, moto, au kifo. Mimi nilikuwa ziwani, ndani ya nyumba ya kuogea kwa mvuke, nikatoka mbio na taulo kiunoni. Lakini Oksenja alikuwa karibu zaidi. Alijua moja kwa moja kwamba mgeni anachezea kengele, akaenda kumkomesha, mkononi bado ana kijiti cha kusukumia unga.

Nilipofika kilimani alikuwa ameshaingia mlangoni. Sauti yake niliisikia vizuri.

"Teppana! Umelewa tena? Mkesha wa Ilja, umejibwaga sakafuni kwa Mungu na koti la manyoya!"

Akamchapa dubu matakoni.

Dubu akageuka, akasimama. Huko juu Raisa aliacha kupiga kengele. Mimi nilisimama palepale. Nataka kusema nilikuwa nafikiria la kufanya, lakini sikuwa nafikiria chochote. Oksenja aliinusa harufu ya mnyama. Kijiti kikashuka taratibu.

"Aa," alisema kwa upole. "Kumbe ni wewe, Mzee."

Kwetu dubu hatumtaji kwa jina lake mbele yake. Oksenja alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, akasogea kando ya mlango.

"Haya, toka basi. Umeshakula."

Dubu alitoka. Manyoya yake yaligusa aproni ya Oksenja, kisha akashika njia ya msituni bila haraka, kuelekea vigingi ambavyo yeye havimhusu.

Raisa alishuka, akaketi kwenye nyasi, akalia.

"Unalia nini?" Oksenja alimwambia. "Mishumaa ndiyo imekwisha." Halafu akanigeukia. "Na wewe shemeji, nenda kavae. Mwenzako angalau ana manyoya."

Jioni ile kila ukingo wa mkate alioukunja Oksenja ulifunguka. Raisa alimkunjia, vibaya. Mimi nilikuwa nakoroga mayai na siagi.

"Mtazichukua picha?" Oksenja aliuliza.

"Tutazichukua, mama. Leo ameingia mnyama. Siku nyingine ataingia mwizi, au moto."

Oksenja alipangusa unga mezani kwa kiganja.

"Zichukueni. Ila si picha ya Ilja."

"Ilja ni mali ya kanisa, mama."

"Mama yangu alimbeba mgongoni wakati wa vita, tulipoikimbia nyumba yetu iliyobaki upande wa pili wa mpaka. Mimi nilitembea kwa miguu, kwa sababu mgongoni hapakuwa na nafasi ya wawili."

Raisa alichukua mkate mwingine. Aliendelea kukunja.

Sikukuu ilifanyika kwa mishumaa michache iliyotafunwa nusu, na padri aliisikia habari yote mara tatu. Majani yalipoanza kugeuka njano, Raisa alirudi na gari na wanaume wawili. Walizifunga picha kwenye mablanketi, moja baada ya nyingine. Ukutani paliachwa nafasi moja ambayo magogo yake yalikuwa meupe kuliko mengine, na msumari mtupu.

"Hapa palikuwa na nini?" mmoja wa wale wanaume aliuliza.

"Tupakie tuondoke," alisema Raisa. "Giza litatukuta njiani."

Kabla ya kuondoka walikunywa kahawa kwa Oksenja. Ilja alikuwa juu yao, kwenye kona ya sebule, na taulo lililotariziwa nyuzi nyekundu likimfunika nusu. Wanaume walitazama mikate. Raisa alitazama kikombe chake, kikaisha, akaomba kingine.

Mwaka uliofuata, asubuhi ya sikukuu, mimi na Oksenja tulimpeleka Ilja kanisani. Njiani alikataa nimshike mkono. Jioni tulimrudisha nyumbani, nikafunga mlango wa kanisa kwa kufuli jipya.