Vumbi la Ndani ya Gitaa

Jumanne asubuhi mama mmoja alilifungua shuka na kulilaza gitaa la marehemu mumewe juu ya meza ya fundi. Bintiye wa miaka mitano alishika pakiti ya nyuzi mpya kwa mikono miwili.

Fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Gundi kwa sababu ya vidole vyake vilivyonata gundi daima, alikuwa rafiki wa marehemu. Aliinama akatazama pale chini nyuzi zinapopita juu ya kijimfupa chembamba. Kilikuwa kimelika. Nyuzi zilikichimba mifereji, na uzi mnene ulinguruma kama nzi ndani ya chupa.

"Shemeji, mfupa umekwisha huu. Jamaa alikuwa anapiga au anasaga?"

"Nyumbani alipiga. Kusaga alisagia kiwandani."

Kiwanda kilikuwa cha saruji. Gundi alilegeza nyuzi, akaung'oa mfupa kwa koleo, akachonga mwingine kutoka mfupa wa paja la ng'ombe. Alisugua kwa msasa, akapima, akasugua tena, maana ukizidi kimo vidole vinaumia, na ukipungua nyuzi zinakwaruza. Saa mbili zilipita. Akafunga nyuzi mpya, akapiga mara moja.

Gitaa likakohoa.

Kilikuwa kikohozi kikavu cha mtu mzima, kile cha alfajiri kabla ya zamu. Vumbi la kijivu lilitoka kwenye tundu, likatua mezani.

"Baba huyo," mtoto alisema, akaendelea kupanga vipande vya mfupa.

"Mfupa wa zamani ulikuwa hauifikishi sauti ndani," Gundi alieleza. "Sasa inafika."

Alipiga tena, gitaa likatoa sauti safi, kisha likakohoa. Kufikia adhuhuri vumbi lilijaza kopo la maziwa. Tone la chai lililodondokea vumbi mezani lilikuwa limeganda gumu kama sakafu.

Mama aliliangalia lile tone kwa muda. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na barua ya kiwanda iliyosema mumewe aliuawa na sigara. Mwanamume huyo hakuwahi kuvuta hata moja. Hata moshi wa jikoni ulimtoa nje. Mama alitaka neno hilo moja, sigara, lifutwe, na alilitaka lifutwe kabla mtoto hajajua kusoma. Alikuwa ameshakwenda ofisi ya kiwanda mara sita.

Jumatano alikwenda mara ya saba, gitaa mgongoni na kopo mkononi. Karani alimpa kiti. Mama akapiga, gitaa likakohoa juu ya mafaili. Karani alichota vumbi kidogo, akalifikicha kati ya vidole.

"Ni saruji ya kwetu hii, mama. Tena ile nzuri."

"Kwa hiyo mnakubali."

"Tunakubali ni ya kwetu. Imetoka getini bila kibali."

Aliliweka kopo kwenye mizani, akaandika stakabadhi: mali ya kiwanda, imerudishwa, kilo moja na nusu.

"Mume wangu hakuvuta sigara," mama alisema.

"Hakuvuta. Nilimfahamu, tulikuwa tunakula meza moja." Karani aliichomoa stakabadhi kitabuni taratibu isipasuke. "Lakini barua imeshapigwa mhuri, dada yangu."

Tangu hapo gari la kiwanda husimama mlangoni kila Ijumaa. Hushuka mtu mwenye brashi na gunia, akavua viatu kwa adabu, akafagia chini ya kiti cha gitaa, akaacha stakabadhi mezani. Mama hupiga alasiri, dirisha likiwa wazi. Wimbo ukifika katikati gitaa hukohoa, mtoto husema, "Pole, baba," na wimbo huendelea pale ulipokatikia.

Karatasi za stakabadhi zilikuwa nyingi, na mtoto alizipenda kwa kuwa zilikuwa za rangi ya waridi. Alizilaza sakafuni, akazifuata kwa kidole, mama akimsaidia pale alipokwama. Jumapili moja alisoma peke yake, bila kusaidiwa: sa, ru, ji.

Mama alimbusu utosini, akamwambia ana akili kama baba yake. Kisha akaitoa ile barua ya kiwanda kwenye droo, akavuta kigoda, akaiweka juu ya kabati, mahali ambapo mtoto bado hafikii.