Zamu ya Tsongo

Kosmasi alijenga studio yake juu ya Bugoye, pale mashamba ya kahawa yanapokoma na msitu unapoanza, kwa sababu alichoshwa na bodaboda za Kasese. Kule mjini hakurekodi wimbo hata mmoja bila pikipiki kupita katikati ya ubeti. Huku juu hakuna pikipiki. Kuna mto Mubuku unaonguruma bondeni, kuna mbega wanaorukaruka juu ya bati, na kuna ukungu ambao ukishuka mchana huingia hadi ndani na kukalia kiti cha wageni. Kuta ni za mbao za mkaratusi, na ndani amezibandika trei za mayai ili sauti isirudi. Watu walimcheka. Studio porini, ataimba nani, nyani? Lakini waimbaji walikuja, maana mwimbaji hufuata kipaza sauti popote kilipo.

Siku moja ya mwaka 2015 walikuja kina mama wa kwaya ya kanisa, na miongoni mwao alikuwepo Rusi, mke wa Tsongo na mama wa Evas. Waliimba ubeti wa kwanza, Kosmasi akawasimamisha. Wakaanza upya, akawasimamisha tena.

"Kuna mvumo," alisema. "Umeme inaingia ndani ya wimbo."

Alichomoa nyaya akazichomeka upya. Akahamisha meza. Akazima taa, akazima na friji ya soda. Wapi! Mvumo ulibaki palepale, sauti moja nene isiyopanda wala kushuka. Fundi yeyote anaijua sauti hiyo, ni ugonjwa wa kawaida wa umeme. Kasoro yake ni kwamba mvumo huu ulikuwa unavuta pumzi. Ulivuma, ukakatika kidogo, ukavuta hewa, ukavuma tena.

Rusi aliomba avalishwe spika za masikioni. Alisikiliza amefumba macho, kisha akazivua na kuzilaza mezani polepole.

"Fundi, hiyo si ugonjwa ya mashine," alisema. "Hiyo ni baba ya Evas."

Kosmasi akazivaa, akainamisha kichwa. "Kweli, mama Evas," alisema. "Bado anachelewa."

Asiyejua eluma na ajue hapa, ili asije akauliza baadaye. Eluma ni filimbi za wanaume wa milima hii. Kila filimbi ina sauti moja tu, na kila mtu ana filimbi yake. Wimbo hupita mikononi mwa wote: unangoja zamu yako, unapuliza sauti yako moja, unangoja tena. Tsongo alikuwa na ile nene. Filimbi yake ilikuwa na ufa alioufunga kwa kamba ya mgomba, na kila zamu yake ilipofika alichelewa kidogo, kama mtu aliyeitwa kula wakati anafunga mbuzi. Wenzake walimtania kwa hilo miaka yote. Rusi alimpenda kwa hilo hilo.

Tsongo alikuwa mchimbaji wa handaki la Kampuni ya Majijuu, iliyotoboa mlima ili maji ya kijito cha Kithoma yaangukie mashine za umeme. Siku moja, kabla ya hayo ya studio, hakurudi nyumbani. Siku hiyo watu waliona vumbi likitoka mlimani, na kesho yake wakaona magari ya saruji yakipanda. Kampuni ikasema hapakuwa na ajali. Kuhusu Tsongo ikasema ametoroka kazi, amevuka mpaka pale Mpondwe, yuko Kongo na mwanamke. Basi, neno hilo likashuka hadi Bwera kwa baba yake, mzee Kosiya, likapata pa kukaa.

Tangu hapo Rusi hakuwa mke wala mjane. Sokoni alihurumiwa huruma ile inayochoma, ya mwanamke aliyeachwa. Evas, binti yake, aliulizwa shuleni kama baba yake anamtumia vitenge kutoka Kongo. Rusi hakutaka makubwa. Alitaka mumewe aombolezwe kama wanavyoombolezwa watu.

Kwa ukoo wa mzee Kosiya, maombolezo yana njia yake. Mzee akisharuhusu, mke huketi chini na kuwaita kwa kilio wafu wa ukoo, mmoja mmoja, kuanzia wa zamani kabisa hadi wa juzi. Wa mwisho kuitwa ni marehemu mwenyewe. Jina lake likishatamkwa, hapo ndipo amekufa, na mke anaweza kuinuka na kuendelea na maisha. Kabla ya hapo marehemu yuko safarini, na mke yuko safarini pamoja naye.

Kosmasi akamwekea Rusi ule mvumo kwenye simu, naye akateremka hadi lango la Majijuu. Mlinzi alikuwa Ojok, mwanajeshi mstaafu.

"Simama hapo, mama! Unatafuta nani?"

"Mume wangu, afande. Nimemusikia ndani ya umeme."

Ojok akafungua lango. "Hata hii seng'enge inalia hivyo," alisema. "Mimi najua ni mutu. Inanisaidia nisilale."

Mkuu wa wafanyakazi, Benon Mugenyi, alimpa kiti na chai. Alikuwa mtu mpole, na upole ule ulimuumiza Rusi kuliko matusi. Alisikiliza simu hadi mwisho.

"Ndiyo, ni Tsongo," alisema. "Hata birika hili la umeme linatoa sauti yake. Pole sana, mama."

"Mulisema alienda Kongo."

"Tulisema, na tulikosea. Sasa tunajua hakutoroka. Yuko kazini."

"Basi mumutoe, nimuzike."

Benon alimweleza taratibu, kama mtoto anavyoelezwa kwa nini ng'ombe wa maziwa hachinjwi. Kuvunja saruji ni kuzuia maji, na kuzuia maji ni kuizima Kasese: wodi za wazazi, mashine za kusaga, taa za soko. Tena mafundi walikuwa wamepima wakaona kwamba tangu Tsongo akae pale umeme umetulia.

"Hakuna mtu atakayezima mji mzima kwa ajili ya mtu mmoja," alisema. "Hata wewe hungefanya hivyo."

"Mimi ningefanya," alisema Rusi.

Benon akaahidi kwamba kuanzia siku hiyo kampuni haitataja Kongo tena, itasema yuko kazini. Ahadi hiyo waliitimiza, mjue. Ni rahisi kutimiza ahadi ambayo haiinui jembe.

Kwa kuwa kampuni haikumpa maiti, Rusi aligeukia ruhusa. Alituma watu Bwera wamlete mzee Kosiya, na akawaomba wapiga eluma wapande studio. Mzee alifika amevaa koti lake la kanisani, akaketi kwenye kiti cha wageni baada ya ukungu kumpisha. Wanaume walisimama nusu duara. Tangu Tsongo apotee hawakumpa mtu yeyote sauti yake. Zamu yake ikifika hunyamaza kidogo, kisha huendelea, na wimbo wao umekuwa ukichechemea hivyo hivyo.

Kosmasi akawasha mashine. Mvumo ulikuwa umejaa chumba, lakini filimbi ya kwanza ilipolia, ukanyamaza. Ukangoja. Filimbi zikapokezana, zikafika pale penye pengo, na hapo, kwa kuchelewa kidogo, ile sauti nene ikalijaza. Wimbo ukapita bila kuchechemea. Juu ya bati mbega walikuwa wametulia. Kosmasi aliinua dole gumba, kwa sababu hatimaye kelele ya umeme ilikuwa imeingia mahali pake.

Mzee Kosiya alilia bila kujificha.

"Hii ni mutoto yangu," alisema. "Hii kuchelewa ni yake tangu iko mudogo."

Rusi akapiga magoti mbele yake. "Baba, umesikia kwa masikio yako. Amefia mule ndani. Niruhusu nimulilie."

Mzee alimtazama kana kwamba hakumwelewa. "Nikuruhusu kulia nani? Mufu hangojee zamu. Mutu mwenye anapiga zamu yake, huyo iko muzima. Ukimulilia muzima, wewe ndiye utamuua."

Akafuta machozi, akawashika mikono wapiga filimbi wote, akaondoka amenyooka kuliko alivyokuja. Alikuwa amempata mwanawe. Rusi alibaki amepiga magoti pale sakafuni hadi Kosmasi alipoanza kukunja nyaya. Kumbe ushahidi aliouleta ndio uliomfunga, na moyo wake ulivunjika pale pale, mchana kweupe, kati ya trei za mayai.

Wimbo ule ulipigwa redioni Kasese. Mtangazaji aliwataja wapigaji wote, na alipofika kwa Tsongo akasema anapiga akiwa kazini.

Waya wa Majijuu hupita juu ya paa la Rusi kwenda mjini, lakini ndani ya nyumba hauingii. Nguzo moja imesimama karibu na jiko. Evas hupenda kuiegemea akichambua maharage, na mgongo wake unasikia baba yake anavuta pumzi. Nguzo imeandikwa hatari, usiguse, pamoja na fuvu la kichwa. Evas ameshalizoea fuvu hilo.

Siku moja Rusi alimuuliza baba mkwe wake: na umeme ukikatika, Baba, je? Hapo hapigi zamu. Mzee Kosiya alifikiri sana, akasema hapo hana la kumkataza.

Basi ndivyo ilivyo hadi leo. Umeme ukikatika, nguzo ikinyamaza, Rusi huacha alichoshika na kuketi chini. Wanawake wa kwaya huwahi, hata wenye mikono ya unga, wakamzunguka. Wenye friji na vinyozi wa Kasese huwalaani Majijuu, na huku juu watu hukimbia matangani. Lakini mafundi wa Majijuu ni hodari, hawakawii.

Mara ya mwisho mvua ilikuwa imeanza, na Rusi alikuwa akisonga ugali wa muhogo. Nguzo ikanyamaza. Akaketi kwenye tope, akaanza. Akamlilia Kamabu, wa kwanza kushuka mlimani. Akamlilia Bwambale. Akamlilia Masereka aliyezama mtoni, na Thembo, mdogo wake Tsongo, aliyekufa kwa surua. Wanawake walikuwa wamemshika mabega, maana hajawahi kufika mbali hivyo. Akavuta pumzi ili aite jina linalofuata.

Na nguzo, kwa kuchelewa kidogo, ikavuta pumzi pia.

Wanawake waliinuka, wakakung'uta vitenge vyao. Evas akarudi kuegemea nguzo yake. Rusi alienda kutazama ugali, akakuta umeshika chini.