Mikono Minne Juu

Watu wakiniuliza ni nani aliyenitoa kwenye rekodi ya kwanza ya bendi yetu, nawaambia ukweli: ni mimi mwenyewe, kwa mkono wangu wa kulia. Wanacheka, wanadhani natania.

Tulikuwa wanne, wote wa Lochgelly, mji wa migodi huko Scotland, watoto wa wachimba makaa. Eck Pettigrew aliimba na kupiga gitaa, na sauti yake ilikuwa nzuri kuliko tabia yake. Dada yake, Ina, alipiga kinanda. Murdo Geddes alipiga besi na kusema maneno matano kwa siku, matatu yakiwa ya chakula. Mimi, Senga Rintoul, nilipiga ngoma. Tulianza mwaka themanini na mbili kwenye ukumbi wa klabu ya wachimbaji, ambako ilitubidi kunyamaza katikati ya wimbo kila pai zilipofika. Hatukuona ubaya, nasi tulikuwa na njaa.

Kisha ukaja mgomo mkubwa. Mwaka mzima baba zetu hawakushuka mgodini, na sisi tukawa tunapiga muziki bure kwenye kumbi walikogawiwa watu supu. Huko ndiko tulikopata kanuni ya bendi: kila jambo linaamuliwa kwa kuinua mikono, hadharani, na ukimwona mwenzako ameinua mkono, humwachi peke yake. Mtu aliyejitenga na wenzake akarudi kazini mwaka ule aliitwa jina ambalo mama yangu mpaka leo halitamki mezani. Basi tukapigia kura jina la bendi, tukapigia kura nywele za Eck, tukapigia kura hata suala la Murdo kula samaki garini. Murdo mwenyewe aliinua mkono kujinyima samaki wake. Kila kura ilipita kwa mikono minne, na tulijivunia hilo kama wajinga.

Mwezi wa kumi mwaka themanini na sita, kampuni moja ya London ikatuita kurekodi. Prodyuza alikuwa kijana mpole wa soksi nyeupe, Julian Prowse. Siku ya tatu akaweka mezani kisanduku cheusi chenye vitufe, akabonyeza kimoja, kikaanza kupiga ngoma. Hakikukosea hata pigo moja. Mimi nilikuwa nakosea, sikatai. Nikifurahi nilikuwa naongeza mwendo bila kujua.

"Redio zinataka hii siku hizi," Julian akasema. "Senga ni mzuri, sibishi. Lakini kwenye rekodi, na kwenye ziara ya kuitangaza, mashine inatosha. Mkikataa, sijui kama kampuni itaendelea nanyi. Zungumzeni." Akaenda kusimama mlangoni, anatungoja.

Eck akakohoa. "Haya. Wanaokubali mashine?" Akainua mkono wake, wa kwanza, huku anaangalia sakafu.

Nikauona ule mkono uko juu peke yake. Naapa sikufikiri. Wangu ukapanda wenyewe, kama ulivyozoea. Murdo akaniangalia, akauangalia mkono wangu, akainua wake. Ina alikuwa wa mwisho, machozi yanamlengalenga. Julian akasema, "Safi," nami nikafunga begi langu. Hakuna aliyenifukuza, kwa hiyo sikuwa na wa kumlaumu, na hilo liliniuma kuliko kufukuzwa.

Mama alinikuta jikoni na begi miguuni.

"Nani kakutoa?"

"Tulipiga kura, mama."

"Walioinua mikono ni nani na nani?"

"Wote."

"Wote pamoja na wewe?"

"Na mimi."

Mama akaiweka sufuria chini taratibu. "Baba yako kakaa mwaka mzima bila mshahara ili watu wasinyang'anywe kazi. Wewe umejinyang'anya mwenyewe, tena kwa adabu. Hii sijapata kuisikia." Akachukua mwiko, akaurudisha. "Mchuma janga hula na wa kwao. Sasa mimi ndiye nitakayeutazama huo mdomo ulionuna mpaka Krismasi."

Nilinuna kupita Krismasi. Nikapata kazi kwenye duka la mikate. Mwaka mpya ulipoingia wimbo wetu ukaanza kupigwa redioni, ukapanda mpaka nafasi ya kumi na mbili kwenye chati. Wateja waliojua mambo walinunua mkate bila kunitazama usoni. Wasiojua walinipongeza kwa ngoma tamu. Na kweli zilikuwa tamu, maana kila pigo nililitunga mimi, mashine ililikariri tu. Nilikuwa nazima redio, halafu naiwasha tena.

Mwezi wa sita, bendi ikaalikwa nyumbani kupiga kwenye sikukuu ya wachimbaji, Jumamosi mchana, bustanini. Mwenye duka akanituma kupeleka sanduku la pai nyuma ya jukwaa. Nilijua ananifanyia makusudi, lakini kazi ni kazi.

Niliwakuta watatu wote chini ya turubai, mvua inanyunya. Nami nikakiona kiti changu chekundu cha kupigia ngoma, kile nilichokiacha garini siku ya London. Juu yake wameketisha mashine.

"Nani kaiweka hii hapa?"

"Kwingine kote kumelowa," Murdo akasema.

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka moto. Nikampa Ina sanduku la pai. Nikainyanyua mashine, nikamkabidhi Murdo mikononi.

"Senga, bwana, kura ilipita," Eck akasema, na sauti yake nzuri ikawa ndogo. "Mikono minne. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Basi tuchote mengine. Mkono wangu siku ile ulikuwa uongo. Nilikuona uko peke yako, nikakuonea huruma. Sikutaka kuondoka, Eck. Sikutaka hata kidogo. Miezi minane nakata mikate nikingoja mmoja wenu aje aniulize."

Eck akaketi juu ya spika. Akajifuta uso, sijui ilikuwa mvua.

"Mimi niliinua ili Julian aone nimejaribu," akasema. "Nilidhani safari hii mtanishinda watatu kwa mmoja. Nilikuwa nawategemea mnishinde."

"Mimi nilimwona mwenye kazi yake kakubali," Murdo akasema. "Mimi ni nani nimkatalie?"

"Na mimi nilikuwa nimebaki peke yangu," Ina akasema, akaanza kulia upya, kakumbatia pai.

Hivyo ndivyo watu wanne walivyopitisha jambo ambalo hata mmoja wao hakulitaka. Tulitazamana kwa aibu. Murdo ndiye aliyeanza kucheka, na tukacheka mpaka mtu wa jukwaa akaja kuuliza kama tuko tayari.

"Haya," Eck akasema, anasimama. "Wanaotaka Senga arudi..." Mkono wake ukaanza kupanda.

"Ushushe," nikamwambia. "Hili halipigiwi kura."

Nikachukua kiti changu nikapanda jukwaani, kwenye ngoma zilizoachwa na bendi ya shule iliyotutangulia. Mama alikuwa mstari wa mbele chini ya mwavuli, kakunja mikono. Aliponiona hakupunga wala hakutabasamu. Alimgeukia jirani yake akamwambia jambo, na jirani akageuka kunitazama.

Rekodi ya pili nilipiga mimi, makosa yangu yote yakiwemo, na haikupita nafasi ya arobaini na moja. Kampuni ikatuacha. Tukapata nyingine ndogo, tukapiga kumbi ndogo, tukadumu miaka tisa zaidi na kuzaa watoto katikati ya ziara. Kura hazikupita tena kwa mikono minne. Zilipita mitatu kwa mmoja, au mabishano yalituchukua mchana kutwa, na aliyeshindwa alipanda gari lile lile akaketi na wenzake. Mara nyingi aliyeshindwa nilikuwa mimi. Nilinuna kidogo, kisha nikaenda kupiga ngoma.